Dakika Tisini za Shapuri

Siku Urbano alipomweka dau maksai wake wa kushoto, mkewe Dominika alikuwa mashineni akisubiri kusagiwa ulezi, na kwa sababu hiyo akawa mtu wa mwisho katika kata nzima ya Chanji kupata habari za ng'ombe aliyemlea kwa mkono wake mwenyewe.

“Hongera, Mama Rozina,” alisema jirani yake Luciana, ameegemea gunia.

“Ya nini tena?”

“Ya moyo. Mimi wangu akiweka dau hata jogoo, tunakutana kwa paroko.”

Wanawake wengine wakaangalia pembeni kwa heshima, ile heshima ya watu wanaojua jambo na wanangoja kuona litakavyompata mwenyewe. Dominika hakuuliza. Alichukua debe lake la unga lililosagwa nusu, akajitwika, akaondoka na chenga; njiani watoto wakamtajia maksai mwenyewe, Diwani, na siku, Jumapili.

Alimkuta Urbano nyumbani, amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, anapiga kiatu rangi. Huyu alikuwa katibu wa chama cha ushirika kwa miaka kumi na tisa, na tangu astaafu alikuwa na kiuno kibovu ambacho daktari hajakiona, kwa kuwa kilimuuma msimu wa kulima tu.

“Baba Rozina, Diwani yuko wapi?”

“Yuko malishoni na Meya. Angekuwa wapi?”

“Na Jumapili jioni atakuwa wapi?”

Urbano akaweka brashi chini. Hakuna mtu aliyewahi kuweka brashi ya kiatu chini kwa taadhima kama ile. “Mke wangu,” alisema, “lilikuwa suala la heshima ya kata.”

Lilikuwa hivi. Kilabuni, mbele ya mtungi wa pombe ya komoni, watu wa kata jirani ya Pito walisema Chanji hawajui mpira. Urbano akajibu kwamba nyumbani kwake, chumba cha uani, analala mtu aliyechezea timu ya taifa ya Irani. Watu wa Pito wakacheka. Masunga, mfugaji wa Kisukuma mwenye ng'ombe hadi hesabu inamchosha, akasema: haya, Jumapili baada ya misa ya pili, uwanja wa shule, Chanji na Pito. Mimi naweka dume langu jeusi. Wewe na Mwirani wako mnaweka nini?

“Na wewe ukaweka Diwani.”

“Nimeweka wa kushoto tu,” alisema Urbano, kama mtu aliyeuza nusu ya suruali na bado anajivunia nusu nyingine.

Dominika alikaa kwenye kizingiti. Mawingu yalikuwa yamekwisha kujikusanya upande wa Mwazye, na upepo wa Ufipa ulianza kunuka udongo. Wiki mbili, pengine moja, mvua ingefika. Diwani alikuwa amefundishwa kushoto tangu ndama, Meya kulia, ndani ya mtaro wa plau. Ukimtoa mmoja, si kwamba unabaki na jozi pungufu. Unabaki na nyama inayotembea na ekari nne za nyasi.

“Hata kama ni taifa,” alisema taratibu, “mtu mwenyewe ana miaka arobaini na tisa. Goti lake linalia akiinama kufunga kamba.”

“Aliokoa penalti Kombe la Dunia!”

“Nani kakuambia?”

Hapo Urbano akarudi kwenye kiatu chake.

Ukweli, Urbano hakusema uongo wote siku moja. Mwaka wa kwanza mpangaji wake alikuwa “amewahi kuchezea taifa.” Mwaka wa pili akawa nahodha. Mwaka wa tatu akaokoa penalti, na jina la mpigaji lilibadilika kulingana na msikilizaji alishabikia nani. Uongo ule ulikua polepole kama mtoto wa nyumbani, ukapendwa, hata baba yake akasahau kwamba aliuzaa.

*

Shapuri Golzari alifika Sumbawanga na kampuni ya barabara, akiendesha greda. Kampuni ilipofunga virago yeye alibaki kutengeneza mashine za kusaga, akapanga chumba cha uani kwa Urbano kwa mwezi mmoja, na mwezi ule sasa ulikuwa na miaka minne. Alikula ugali wa ulezi kwa migebuka bila kulalamika. Komoni hakugusa. Kitu kimoja tu kilimshangaza kila mtu: chai alikunywa bila sukari, huku peremende iko shavuni, akisema kwao ndivyo wanavyofanya watu wenye akili.

Dominika alimkuta nyuma ya nyumba anashona ukanda wa nira. Akakaa juu ya plau.

“Shemeji, kweli uliokoa penalti Kombe la Dunia?”

Shapuri akahamisha peremende kutoka shavu hili kwenda lile. “Kombe la Dunia mimi niliangalia kwenye televisheni, kama wewe.”

“Mimi sikuangalia.”

“Basi nimekuzidi kidogo tu.”

Dominika hakucheka. Akamweleza habari ya Diwani, yote, tangu mtungi wa komoni mpaka dume jeusi. Sindano ikasimama hewani.

“Shemeji, sikiliza. Mimi nilikuwa kipa wa tatu,” alisema Shapuri. “Kipa wa kwanza anadaka. Kipa wa pili anaomba Mungu wa kwanza augue. Kipa wa tatu anabeba mipira. Mazoezini wapigaji wananipigia penalti, kila siku, miaka minane. Siku nikidaka nyingi kocha anafoka, ‘Mwache afunge, ajisikie!’ Hiyo ndiyo kazi yangu. Kufungwa ili mwingine ajisikie.”

“Miaka minane? Hukucheza hata mara moja?”

“Nilicheza. Dakika kumi na moja.” Alisema hivyo kama mtu anayetaja jina la mtoto. “Mechi ya kirafiki. Wa kwanza amepumzishwa, wa pili akaumia bega. Nikaingia. Nimegusa mpira mara tatu. Hawakunifunga.”

“Angalau mama yako alikuona.”

Shapuri akavuta uzi, akaukata kwa meno. “Mama alikuwa ameivisha wali. Kwetu chini ya wali kuna ukoko, na ukoko ndio heshima ya nyumba, lazima auangalie. Akaenda jikoni. Hapo nikaingia. Majirani wakaona, wakakimbia kuja kumpongeza, wakajaa mlangoni. Yeye akawapokea, akawashukuru, akawakumbatia mmoja mmoja. Aliporudi sebuleni mpira umekwisha. Miaka ile televisheni haikurudia mechi za kirafiki. Na mwaka uliofuata, goti.”

Meya na Diwani walikuwa wamerudi wenyewe, wakasimama wakicheua, kila mmoja upande wake, kama kawaida yao.

“Basi nitamwambia Urbano afute,” alisema Dominika.

“Mwambie. Mimi sitaki uuze ng'ombe kwa dakika kumi na moja.”

*

Urbano aliposikia akafanya jambo ambalo mkewe hakulitegemea: alivaa viatu vile alivyovipiga rangi, akatembea kwa mguu mpaka Pito. Huko alimkuta Masunga zizini, akamwomba, kwa maneno marefu ya ushirika, kwamba kwa kuzingatia hali ya hewa na uchumi wa kaya, dau libadilishwe liwe mbuzi wawili.

Masunga alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamuuliza, “Mzee, pale kilabuni uliapa mbele ya watu wangapi?”

“Kama ishirini.”

“Walete wote ishirini hapa. Waambie ulikuwa unatania. Wakikubali, nami nimekubali.”

Urbano alirudi na vumbi hadi magotini. Usiku ule hakula. Kitu kinachoitwa aibu kilikuwa kimepita njia nyingi maishani mwake bila kumkuta nyumbani. Safari hii kilimkuta.

“Nimekosa, Mama Rozina,” alisema gizani.

“Najua,” alisema Dominika. “Sogea, umelalia blanketi.”

*

Jumapili misa ya pili ilikwisha mapema kuliko siku zote, na wenye macho waliona hata padre alikunja majoho yake haraka. Uwanjani, dume jeusi la Masunga lilifungwa kwenye mlingoti upande mmoja, Diwani kwenye kigingi upande mwingine. Dominika alifika na kanga mbili, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda kwa ajili ya upepo.

Shapuri alitoka na jezi ya kijani iliyombana tumboni. Kipa wa kawaida wa Chanji, Kasmir, alikuwa msibani Mwazye, na hapakuwa na mwingine.

“Mamluki!” walipiga kelele watu wa Pito. “Mamluki huyo! Atoke!”

Mwalimu Nestory, ambaye alikuwa mwamuzi, mtunza muda na mwenye mpira, alifungua daftari lake. Kanuni ilisema mchezaji awe mtu wa kaya ya kata inayocheza. Mpangaji je, ni mtu wa kaya? Daftari lilinyamaza.

“Analipa kodi!” alisema mmoja. “Mtu wa kaya halipi kodi kwake!”

Mwalimu Nestory akamgeukia Dominika. “Mama, huyu ni nani kwako?”

Uwanja mzima ukageuka. Dominika alijua kilichokuwa ndani ya vicheko vile vya pembeni. Luciana alikuwa tayari amejifunika mdomo. Mwanamke mwenye mume, na mgeni uani.

“Ni mtu anayejua chumvi yangu inakaa wapi,” alisema. “Na anayelima nami mume wangu anapoumwa kiuno. Kama hapo kwenye daftari lako kuna jina la mtu wa namna hiyo, mwandike.”

Watu wakacheka, lakini kicheko kilihama kutoka kwake kwenda kwenye kiuno cha Urbano. Ndipo Masunga akainua fimbo.

“Mwalimu, acha daftari. Mtu wa kaya ng'ombe wanamjua.” Akamwonyesha Diwani. “Mfungue yule. Mwenye mji amwite kwanza, tuone.”

Kigingi kikang'olewa. Urbano akasogea mbele, akakohoa, akamwita maksai wake kwa sauti ya mikutano mikuu. Diwani alimtazama kama diwani wa kweli anavyomtazama mpiga kura baada ya uchaguzi, akainamia nyasi.

“Haya, Mwirani.”

Shapuri hakupaza sauti. Alisema neno moja la Kifipa, lile analolisema plau inapofika mwisho wa shamba, akalisema vibaya, kwa ulimi wa kwao. Diwani akainua kichwa. Akaja, kamba na kigingi vikiburuta nyuma, akakatisha uwanja katikati ya wachezaji, akasimama kushoto kwa Shapuri. Kushoto kabisa, bega kwa bega, akingoja nira.

Uwanja ulilipuka. Masunga alicheka hadi akajifuta machozi kwa kofia. “Huyu ni wa Chanji,” alisema. “Achezeni.” Alicheka sana, mfugaji yule, akasahau kujiuliza swali ambalo hata mtoto wa zizini kwake angejiuliza.

*

Dominika hakuwa amewahi kutazama mpira. Kwake ulikuwa ni watu wazima wanaokimbiza kitu ambacho wakikipata wanakipiga teke kiende zao. Lakini siku ile alisimama nyuma ya goli la Shapuri, akashika kanga yake, asiondoe macho.

Nusu saa ya kwanza Shapuri aligusa mpira mara tatu. Dominika alihesabu. Alipougusa mara ya nne, aligeuka akamtazama, akainua kidole kimoja bila kusema kitu, naye Dominika akaelewa kwamba mtu huyu sasa yuko mahali ambapo hajawahi kufika.

“Mama Rozina,” alinong'ona Luciana wakati wa mapumziko, “twende tukapike, watoto hawajala. Matokeo tutayasikia.”

“Nenda wewe.”

“Sasa utakula nini jioni?”

“Leo sipiki.”

Luciana akamtazama kama aliyeambiwa kanisa limefungwa. Akaenda peke yake.

Kipindi cha pili Pito walikuja kama mvua. Shapuri alipangua moja kwa ngumi, nyingine kwa tumbo, moja kwa uso, na ile ya uso ilishangiliwa kuliko zote. Kila alipoanguka aliamka kwa mafungu: kwanza mikono, halafu goti zima, halafu, baada ya mazungumzo, goti bovu. Urbano alitembea pembezoni mwa mstari, viatu vyake vyeusi vimekuwa vyekundu kwa udongo, akisema, “Simama, ndugu yangu. Simama tu.” Hakutaja Kombe la Dunia hata mara moja.

Dakika ya themanini na sita, kijana mmoja mwembamba wa Pito alipiga shuti la chini, la kawaida, lisilo na sifa yoyote. Shapuri aliliona mapema. Alikwenda upande wenyewe. Mikono yake ilifika kwa wakati. Lililochelewa ni goti. Mpira ukapita pale goti lilipotakiwa kuwa, polepole, kama mtu anayeomba radhi.

Moja bila. Na ikabaki hivyo.

Filimbi ya mwisho ilipolia Masunga hakushangilia. Alikwenda akafunga kamba kwenye pembe za Diwani, akamwamkia Urbano, “Shikamoo, mzee,” kwa adabu iliyouma kuliko tusi, akaondoka naye. Diwani aligeuka mara mbili. Dominika hakulia. Alimwendea Shapuri aliyekaa kwenye mstari wa goli, akamvua glavu kidole kimoja kimoja.

“Nisamehe, shemeji,” alisema Shapuri.

“Nimekuona,” alisema Dominika. “Tangu mwanzo. Nimeziona zote.”

Shapuri akainuka kwa mafungu, akaenda kwa Mwalimu Nestory, akaomba aonyeshwe daftari. Lilikuwa limeandikwa kwa wino wa bluu: *Golzari Sh., Chanji, kipa, dk. 90.* Akalipiga picha kwa simu. Akapiga na ya pili.

*

Mvua ilifika Jumatano. Alhamisi asubuhi Chanji yote ilikuwa mashambani, na Urbano, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, alikuwa ameinamia jembe la mkono. Kiuno hakikumuuma. Alikuwa amefikia hatua kama thelathini katika zile ekari nne Masunga alipotokea kwenye kijia, mapajani matope, anamvuta Diwani kwa kamba. Au Diwani anamvuta yeye. Kwa mbali haikuwa rahisi kujua.

“Hodi hapa.”

“Karibu,” alisema Dominika. “Umemleta kutusalimia?”

Masunga alivua kofia. “Mama, ng'ombe nimefuga tangu sina meno. Sijaona kitu kama hiki. Nimemfunga na maksai wangu wa kulia: amelala. Nimemwita Kisukuma: amelala. Nimemwita Kiswahili: amelala. Jana kijana wangu kamwimbia. Amelala katikati ya shamba na nira shingoni, kama mwalimu aliyegoma.”

“Si ulisema mwenyewe,” alisema Shapuri akitokea nyuma ya nyumba na peremende shavuni, “mtu wa kaya ng'ombe wanamjua.”

Masunga akajikuna shingo. Alikuwa mtu mkubwa, na mtu mkubwa akicheka kosa lake mwenyewe, nyumba nzima hupumua. “Nilisema,” alikiri. “Mbele ya watu zaidi ya ishirini.”

Urbano aliacha jembe, akataka kusema jambo refu. Dominika akamtangulia.

“Ng'ombe ni wako, Masunga. Tumefungwa, hatubishi. Lakini bila Meya na bila huyu mtu, huyo si maksai, ni kiti. Mwache alale hapa. Siku tatu za mwanzo jozi inakuja Pito, inalima kwako. Siku zinazofuata inalima kwangu.”

“Kila msimu?”

“Kila msimu Mungu akitujalia goti.”

Masunga akafikiri. “Kwetu,” alisema, “ng'ombe hukaa kwa rafiki, na rafiki hunywa maziwa. Bahati mbaya huyu ni dume.” Akamkabidhi kamba. Si Urbano, Dominika. “Yeye ni wangu, kamba ni yenu.”

Urbano alimtazama ng'ombe aliyekuwa wake, ambaye sasa yeye Urbano angemkatia nyasi kila siku kwa niaba ya mtu wa Pito. Akaokota nira, akaileta mwenyewe.

Walipokuwa wanafunga, simu ya Shapuri ikaita. Akasogea nayo mbali kidogo, akazungumza Kiajemi, juu, haraka, mkono mmoja ukichora goli hewani. Diwani alisimama kushoto, Meya kulia, wakimsubiri amalize. Aliporudi, alikuwa anapangusa macho kwa kiwiko na kusingizia mvua.

“Mama?” aliuliza Dominika.

“Mama. Nimemtumia ile picha ya daftari.”

“Umemwambia umefungwa?”

“Nimemwambia dakika tisini. Hakuuliza matokeo.” Akashika mikono ya plau. “Kauliza nani alikuwa anatazama.”

“Ukasemaje?”

“Nimesema, mwenye nyumba. Hakuamini. Anasema hakuna mwanamke anayetazama yote, lazima aende jikoni.”

Dominika akachukua fimbo, akasimama mbele ya maksai, akawaelekeza sawa na mti wa upande wa pili.

“Mpigie tena,” alisema. “Mwambie ukoko haukuungua, maana sufuria haikupanda jikoni.”